Hoteli Iliyoelea Juu ya Tope

Ndugu msomaji, leo tufunge safari ya mbali, mpaka Tokyo, mji mkuu wa Japani. Nauli usiulize! Tutalala katika Imperial Hotel, iliyofungua milango mara ya kwanza mwaka 1890, ili wageni wakubwa watokao ng'ambo wapate mahali pa heshima.

Baadaye Mmarekani mmoja, Frank Lloyd Wright, fundi wa kuchora majumba, aliitwa kujenga hoteli mpya. Alikuta udongo wa pale ni laini, tope tupu. Na wewe uliyewahi kujenga bondeni waijua taabu yake. Yeye hakutafuta mwamba. Alisema nyumba na ielee juu ya tope kama merikebu juu ya maji, akaigawa sehemu sehemu, ili tetemeko likija kila sehemu icheze peke yake.

Siku ya sherehe ya kuifungua ilikuwa tarehe 1 Septemba, 1923. Saa sita mchana kasoro dakika mbili, ardhi ikatetemeka. Ilikuwa saa ya kupika, moto umo mekoni katika nyumba za mbao, na upepo ulivuma kwa nguvu. Katika Tokyo, Yokohama na kandokando yake walikufa watu zaidi ya 100,000, wengi wao kwa moto.

Hoteli ilitikisika, ikazama kidogo, isianguke. Habari zikaenea ng'ambo kwamba ati ni jengo pekee lililosalimika. Si kweli, majengo mengine ya chuma na saruji yalisimama vile vile. Kwangu mimi sifa yake ni nyingine: siku ile ya msiba milango yake ilibaki wazi. Watu wa ubalozi wa Marekani, ambao nyumba yao iliungua, walipata mahali humo, na waandishi wa magazeti pia.

Basi, nyumba iliyoshinda tetemeko iliangushwa na nini? Na wenyewe! Ilikuwa imedidimia, vyumba vyake vichache, na kiwanja kile ni cha thamani kubwa. Mwaka 1968 ikavunjwa. Ukumbi wa mlangoni tu ndio uliookolewa, ukasimamishwa tena katika makumbusho ya Meiji-mura, karibu na Nagoya. Mwaka 1970 likafunguliwa jengo jipya la orofa 17, na hilo nalo linangoja zamu yake, maana mwaka 2021 walitangaza kwamba watajenga upya.

Mgeni wa leo hulipa mamia ya dola kwa usiku mmoja, fedha za kumaliza mavuno ya mwaka. Lakini sikiliza, mama msomaji, jinsi anavyotunzwa. Hakuna anayenyosha mkono akitaka bakshishi. Hoteli ina dobi wake yenyewe tangu mwaka 1911. Shati likienda na kifungo kilicholegea, hurudi kimeshonwa, wala mgeni hakuomba.

Na takataka za chumbani je? Mgeni akiisha kuondoka, hazitupwi siku ile. Huwekwa kwanza siku moja zaidi, isiwe ametupa kitu kwa bahati mbaya. Akipiga simu kutoka njiani kwamba barua yake haionekani, wao hurudi kapuni, wakaitafuta karatasi kwa karatasi.