Pareto ao birayi? Shamba dogo la Kivu na hesabu ya kungoja

Kwenye milima ya Masisi, Nyiragongo na Rutshuru, udongo si shida. Ni udongo wa volkano, mweusi, na baridi ya kule juu inafaa birayi, maharagi, shu na puaro. Inafaa pia ua moja dogo jeupe lenye moyo wa manjano: pareto, ile ambayo wazee wanaita piretre kwa Kifaransa. Shida ni kungoja. Kila kinachopandwa kinadai muda wake, na toka M23 ianze tena vita mwisho wa mwaka 2021, mkulima hajui kama muda huo ataupata.

Ndiyo maana swali la kupanda nini si la agronomu peke yake.

Tuanze na birayi. Zinakomaa kwa miezi mitatu ao mine, zinaliwa nyumbani, na Goma inazihitaji kila siku. Lakini ni nzito, na zikishachimbwa hazingoji sana. Kutoka Kibumba mpaka mjini chukudu inashuka na mifuko yake, na kwenye kila bariere kuna mtu wa kulipa. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS walihesabu bariere 798 katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini. Wenye kushika kamba wamebadilika mara nyingi toka wakati ule. Kamba yenyewe inaendelea kukata faida ya mama mulimaji. Tena birayi inaliwa na kila mtu. Mwenye bunduki akiwa na njaa anachimba usiku, asubuhi mwenye shamba anakuta mashimo.

Ua la pareto halina taabu hiyo, hakuna anayelitia kwenye sufuria. Linapandwa mara moja na mmea unakaa udongoni miaka mitatu hivi. Ukianza kuchanua, kila baada ya wiki mbili hivi kuna maua ya kuchuma, na wakati wa kuchuma unaendelea kwa miezi mingi. Kilo nne ao tano za maua mabichi, zikianikwa vizuri, zinabaki kilo moja tu. Ndani yake kuna piretrini, dawa ya kuua wadudu ambayo viwanda vya nje vinaitafuta kwa sababu jua linaimaliza haraka, haibaki kwenye mazingira muda mrefu. Kwa familia inayoishi karibu na mstari wa mapigano, mazao mepesi, makavu, yasiyotamaniwa na askari, si kitu kidogo.

Mtu akisikia hivyo anaweza kusema: basi wote wapande pareto. Hapana, polepole. Kitu kisicholiwa kinahitaji mnunuzi, na kwa pareto mara nyingi mnunuzi ni mmoja tu. Kenya ilikuwa ya kwanza duniani kwa ua hili kwa miaka mingi. Halafu shirika la serikali lililokuwa linanunua likaanza kuchelewesha malipo, miezi ikawa miaka, wakulima wakang'oa pareto wakapanda birayi na mahindi. Nafasi ya kwanza ikaenda Tasmania, kule Australia. Ua halikuharibika Kenya. Kilichoharibika ni malipo. Upande wa pili wa volkano zetu, Rwanda, mwisho wa miaka ya 1960 karibu hekta elfu kumi zilikatwa kwenye mbuga ya Volkano, familia zikagawiwa mashamba kwa sharti la kupanda pareto, na kiwanda kikajengwa Ruhengeri. Mfumo ule ulidumu, lakini mkulima alifungwa nao: hata bei ya birayi ikipanda, sehemu ya shamba lake ni ya ua.

Huku Kivu, pareto ililetwa kwenye mashamba ya wakoloni wakati wa Wabelgiji, kisha wakulima wadogo wakaizoea. Leo mnunuzi wake angepitia wapi? Toka mwisho wa Januari 2025, Goma ilipoingia mikononi mwa M23, benki zilifunga milango na uwanja wa ndege ukafungwa. Bila pesa mkononi na bila njia ya kusafirisha, maua yanabaki ghalani. Yanavumilia kungoja kuliko birayi, ila si milele: yakikaa sana yanapoteza nguvu, na bei inashuka pamoja nayo.

Njia ndiyo inaamua mambo mengi, hata kwa chakula cha kawaida. Barabara ya Sake–Minova ilipokatwa mwanzo wa 2024, mazao ya Kalehe yalipanda mashua. Tarehe 3 Oktoba mwaka ule, mashua iliyotoka Minova ilizama karibu na Kituku, watu wengi wakafa. Wanaolalamika sokoni kwamba nyanya ni ghali, mara nyingine wanasahau kile nyanya ilipitia.

Basi, kugawa shamba: chakula kwanza, pembe moja ya maua. Ni shauri zuri, hasa katika nchi ambayo mwanzo wa 2025 hesabu ya IPC ilionyesha karibu watu milioni 28 wasio na chakula cha kutosha kwa kiwango cha hatari. Lakini shauri hilo linasahau jambo moja, na kusema kweli ndilo kubwa kuliko yote: udongo ni wa nani? Kule Masisi vilima vingi ni malisho ya ng'ombe za wakubwa, na mulimaji mdogo anakodi kipande kwa msimu mmoja. Mmea wa miaka mitatu hauwezi kuingia kwenye makubaliano ya miezi minne.

Februari 2025 kambi za wahamiaji pembeni ya Goma zilivunjwa, na watu walirudi vijijini wakati msimu B unaanza. Wengine hawakuwa tena na mbegu hata moja, maana birayi za mbegu zililiwa zamani. Kwa mtu wa namna hiyo maharagi ndiyo yanawezekana: kilo chache zinaingia kwenye mfuko, zinapatikana soko lolote, na baada ya miezi mitatu sufuria inapata kitu. Birayi ni za mwenye uwezo wa kununua mbegu na kulipa usafiri. Maua ni ya mwenye udongo ambao hakuna atakayemfukuza.

Mashirika yanayogawa mbegu na majembe yanapima njaa ya nyumba, na ni haki yao. Yangeuliza pia: hapa umepewa kwa muda gani, na nani alishuhudia? Shefu wa lokalite anaweza kusimamia makubaliano ya miaka mitatu kama vile anavyosimamia ya msimu mmoja, mwenye shamba akikubali.

Msimu A unaanza Septemba. Mbegu za birayi zinatafutwa mapema, Julai na Agosti, na wenye udongo wataanza kutaja bei ya kukodi wakati uleule.