Vidole sita vya Baba Krismasi

Mhariri,

Desemba 2024, wachezaji wa gemu ya Call of Duty: Black Ops 6 waliletewa picha ya Baba Krismasi aliyegeuzwa zombi, mkono wake una vidole sita. Zombi tunayemjua huoza na kupungukiwa viungo, huyu kaongezewa! Wengi wakashuku kazi ya akili mnemba. Februari 2025, ukurasa wa gemu hiyo kwenye duka la Steam ukakiri kwamba zana za akili mnemba hutumika kutengeneza baadhi ya vitu vyake. Ni sentensi moja tu, wala haisemi ni picha ipi. Steam ilishaweka sharti la kutaja matumizi hayo tangu Januari 2024.

Sina ugomvi na mashine. Kinachoniudhi ni kampuni tajiri kiasi hicho kukosa mtu wa kuhesabu vidole kabla ya kuuza. Na mashine hizo zimefundishwa kwa michoro ya watu, wengi hawakuombwa ruhusa wala kulipwa.

Wenye maduka ya gemu, tajeni kilichochorwa na mashine, tena pale pale penye bei.

Mpenzi wa gemu,
Morogoro