Muhuri Unaokwama Mutukula

Kijana wa Muleba anayekwenda kusomea ubunifu majengo Makerere husafiri mwendo mfupi kuliko mwenzake aendaye Chuo Kikuu Ardhi. Kutoka Bukoba hadi Kampala ni karibu kilomita 300, hali Dar es Salaam iko zaidi ya 1,300. Lakini sheria haipimi kwa kilomita. Hata akiwa amesajiliwa na bodi ya Uganda, hana ruhusa ya kuvuka Mutukula na kugonga muhuri wake juu ya ramani ya zahanati huku kwetu, mpaka akubaliwe na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, inayofanya kazi chini ya Sheria Na. 4 ya mwaka 2010.

Hatuilaumu sheria kwa kuwapo. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliua watu wasiopungua 17 mkoani Kagera na kuharibu vibaya shule za Ihungo na Nyakato. Jengo likianguka, lazima awepo mtu wa kuulizwa, na usajili ndio unaomfanya aulizike. Hata hivyo tuseme ukweli wote: nyumba nyingi zilizobomoka siku ile zilijengwa na mafundi kwa udongo au saruji haba, pasipo mchoro wowote. Wanyonge wa vijijini hawakudhurika kwa wingi wa wabunifu wa kigeni, bali kwa kukosa mbunifu kabisa.

Ndiyo maana tunauliza ahadi ya Afrika Mashariki imefikia wapi. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, iliahidi katika ibara ya 11 kwamba nchi wanachama zitatambuliana sifa za kitaaluma. Mwaka 2011 yakafuata makubaliano ya wabunifu majengo: aliyesajiliwa kwao, akithibitishwa na bodi yake, asianze upya kama mwanafunzi. Ni jambo jema. Ila makubaliano hayo yanahusu taaluma tu. Kibali cha kazi na cha ukaazi ni milango mingine, yenye ada nyingine. Kijana wetu akirudi nyumbani anasumbuliwa na mlango mmoja, lakini akibaki Kampala atabisha yote.

Elimu ya ugenini si kasoro. Marehemu Beda Amuli alisomea Haifa, Israel, naye ndiye aliyebuni Soko la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975. Hatujasikia mchuuzi aliyekataa kuuzia humo kwa sababu hiyo.

Tunaziomba bodi za pande zote mbili zitangaze kwa Kiswahili chepesi, hata katika ofisi za halmashauri za Bukoba na Muleba, ni hati zipi zinatakiwa, ada ni kiasi gani na jibu litatoka baada ya siku ngapi. Anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi, pamoja na nafasi ya kukata rufaa.

Nanyi vijana mnaosubiri, msishawishike kuazima muhuri wa mwingine ili mradi ramani ipite. Mwenye muhuri hakukiona kiwanja, wala hakupima udongo wake, na siku ukuta utakapopasuka mwenye nyumba hatajua amshtaki nani.