Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Somo la Rabi Mkimbizi



Katika parokia zetu za Ufipa lipo neno linalotamkwa kwa wepesi mno: "mkimbizi". Hutamkwa sokoni, hutamkwa vilabuni, na kwa aibu yetu hutamkwa hata nje ya kanisa baada ya Misa. Wanaolitamka hivyo hawamaanishi mtu aliyeikimbia hatari. Wanamaanisha mtu asiyestahili shamba, asiyefaa kuongoza jumuiya, asiyepaswa kumposa binti yetu. Tunaandika kulipinga neno hilo linapotumiwa kama tusi. Nasi tutaanza mbali, kwa Myahudi mmoja ambaye Kanisa letu lina deni kwake.

Abraham Joshua Heschel alizaliwa Warsaw, Polandi, mwaka 1907, katika ukoo wa marabi wa Kihasidi. Wahasidi ni Wayahudi waliofuata uamsho ulioanza Ulaya ya Mashariki katika karne ya 18, wakifundisha kwamba Mungu hutumikiwa kwa furaha, kazini na mezani kama katika sala. Heschel alipata udaktari katika Chuo Kikuu cha Berlin kwa kuandika juu ya manabii. Mwezi Oktoba 1938, polisi wa Hitler walimkamata mjini Frankfurt wakamfukuzia Polandi, pamoja na maelfu ya Wayahudi wenye uraia wa nchi hiyo. Mwaka 1939, majuma machache kabla Wajerumani hawajaivamia Polandi, aliondoka kwenda London. Na mwaka 1940 akafika Marekani.

Aliponaje? Chuo kimoja cha Kiyahudi huko Cincinnati kilimwita akafundishe, na sheria ya Marekani ilimruhusu mwalimu kuingia nje ya idadi iliyowekwa kwa kila taifa. Mama yake, na watatu kati ya dada zake, hawakuwa walimu wa chuo. Hakuna aliyewaita. Wote waliangamia katika vita ile.

Na huyo aliyefunguliwa mlango alilipa nini? Alifundisha kwa miaka zaidi ya 30. Mwezi Machi 1965 alitembea Selma bega kwa bega na Martin Luther King kudai haki za watu weusi, na baadaye akasema alihisi kana kwamba miguu yake ilikuwa ikisali. Alivipinga vita vya Vietnam. Tena, mwezi Septemba 1964, alikutana na Papa Paulo VI na kumsihi kwamba Mtaguso wa Pili wa Vatikano unene juu ya Wayahudi kwa heshima. Tarehe 28 Oktoba 1965 ikatolewa hati Nostra Aetate, inayokataza kuwatwika Wayahudi wote lawama ya mateso ya Kristo, na kulaani chuki dhidi yao. Hatusemi kuwa ni kazi yake peke yake. Kardinali Bea na wengi wengine waliihangaikia. Lakini mkimbizi alikuwa miongoni mwa walioisaidia Kanisa kuiona dhambi yake ya kale.

Heschel alifariki mwezi Desemba 1972. Mwaka huohuo, kwa sababu ya mauaji yaliyowalenga hasa Wahutu, maelfu ya watu wa Burundi walivuka mpaka kuingia nchini mwetu. Wakapewa makazi Ulyankulu mkoani Tabora, kisha Katumba na baadaye Mishamo, katika Wilaya ya Mpanda, iliyokuwa sehemu ya Mkoa wa Rukwa hadi mwaka 2012.

Wapo wanaotujibu kwa methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Vema. Hawa walipewa jembe. Walifyeka pori, wakajilisha wenyewe, wakauza ziada ya mavuno yao. Mwaka 2014 Serikali ilianza kuwakabidhi vyeti vya uraia watu wapatao 162,000 waliokubaliwa. Sasa twauliza: mtu akiisha kulima kwa miaka 40, na mjukuu wake akizaliwa hapa, ni siku ya ngapi ndipo tutaacha kumwita mgeni?

Lakini tusiishie kwenye jembe, maana hapo pana mtego. Tukisema mgeni apokewe kwa kuwa ana faida, tutakuwa tumeirudia sheria ileile iliyompitisha mwalimu na kumwacha mama yake nje. Kikongwe asiyeweza kulima ana haki ileile ya kuishi. Torati iliamuru mgeni apendwe bila kuuliza anajua kazi gani. Bwana wetu naye alibebwa mikononi kwenda Misri akiwa mtoto mchanga, asiyeweza kumfaa Mmisri yeyote.

Wala tusijidanganye kwamba ukarimu ni jambo geni kwetu. Vita ileile iliyowaangamiza jamaa wa Heschel iliwaleta Tengeru, karibu na Arusha, Wapolandi wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Makaburi yao yapo huko hadi leo. Na hapa karibu, Karema, mwambao wa Ziwa Tanganyika, alifika mwaka 1889 Adrian Atiman, aliyetekwa na kuuzwa utumwani Afrika Magharibi akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari, akasomea uganga Malta. Alitibu wagonjwa na kufundisha dini mpaka kufa kwake mwaka 1956. Nani kati yetu angethubutu kumwita Atiman "mtu wa kuja"?

Kwa hiyo twaziomba halmashauri za walei mambo matatu. Kwanza, mtu asinyimwe uongozi katika jumuiya ndogo ndogo kwa sababu ya asili ya wazazi wake. Pili, anayetukanwa au kudhulumiwa shamba kwa sababu hiyo apate watu wa kumsindikiza kwenye baraza la kata, asiende peke yake. Tatu, katekista atakapofundisha juu ya kukimbilia Misri, awafundishe watoto pia historia ya Katumba na Mishamo.

Wazee wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema apone mgeni. Walijua mgonjwa ni nani.