Amani ya ukoo isilipwe kwa kihamba cha mjane

Kata kipande cha shina la isale, kichomeke ardhini, nalo litachipua. Ndiyo maana mlimani Kilimanjaro, kuanzia Siha hadi Rombo, mipaka ya vihamba, yaani mashamba ya ukoo yenye migomba, imepandwa masale tangu enzi za mababu. Jani la mmea huohuo ndilo Mchaga hulishika anapokwenda kuomba radhi, na aliyekosewa akishalipokea, ni aibu kwake kuendelea na kinyongo. Lakini wepesi wa isale kuota una hasara yake. Shina likihamishwa hatua mbili usiku, misimu michache baadaye limenenepa kana kwamba lilianzia pale, na kama mzee aliyeujua mpaka ameshazikwa, mjane anabaki na migomba yake akibishana na shemeji. Mgogoro wa kihamba unaweza kuanza na kitu kidogo namna hiyo, ukavunja familia ya vizazi vitatu.

Chanzo si ubaya wa watu. Sensa ya 1978 ilihesabu watu laki tisa na ushee katika Mkoa wa Kilimanjaro; ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 1.8, na mlima haukuongezeka. Juu ya vihamba kuna msitu na hifadhi ya taifa, chini kuna tambarare kavu ambako mgomba haustawi bila maji ya mfongo, mfereji wetu wa jadi. Kwa desturi mtoto wa kwanza wa kiume alikatiwa kihamba chake, kitinda mimba akabaki na nyumba ya wazazi, wa katikati wakatafuta pengine; binti alitarajiwa kuolewa, na mke aliingia kihambani kupitia mumewe. Utaratibu huo ulihitaji ardhi ya akiba. Akiba ilipokwisha, aliyebanwa wa kwanza ni yule ambaye haki yake ilining'inia kwa mtu mwingine: mjane, binti aliyerudi nyumbani baada ya ndoa kuvunjika, mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa.

Naamini migogoro hii inafaa kumalizwa kijijini, kwa mazungumzo. Lakini msuluhishi asiyeijua sheria, au anayeijua akaogopa kuitamka mbele ya wazee, hasuluhishi. Anambembeleza mnyonge akubali kushindwa. Hilo lina uzito kwa sababu sheria yenyewe imeshaweka usuluhishi mlangoni. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka kila kijiji kiwe na baraza la ardhi la wajumbe saba, wanawake wasipungue watatu. Mabaraza ya kata, ambayo zamani yaliamua mashauri ya ardhi yenye thamani isiyozidi shilingi milioni tatu, yalivuliwa mamlaka hayo mwaka 2021. Sasa kazi yao ni kupatanisha tu, na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halisikilizi shauri mpaka baraza la kata lithibitishe kuwa limeshindwa, au siku 30 zipite. Katika ndoa nako, Sheria ya Ndoa ya 1971 kwa kawaida huwataka wanandoa wapite baraza la usuluhishi kabla ya kuomba talaka mahakamani. Kwa hiyo mwananchi wa Mwika au Kibosho, atake asitake, atakutana na msuluhishi kabla hajamwona hakimu.

Msuluhishi huyo ameandaliwa na nani? Mjumbe wa baraza ni jirani yetu, tunasali naye, na si ajabu akawa na undugu na mmoja wa wagomvi. Pengine hakuwahi kuelezwa kwamba kifungu cha 20 cha Sheria hiyo ya Ardhi ya Vijiji kinabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Pengine hajasikia kwamba Mahakama ya Rufani, tangu 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seifu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Asiyelijua hilo atamuuliza mama aliyepalilia kahawa miaka ishirini, "Wewe ulinunua nini?" Swali hilo likishaulizwa, usuluhishi umeshaegemea upande mmoja, hata kama kila aliyeketi pale ana nia njema.

Pengo hili ndilo ambalo KWIECO, shirika la wanawake lililoanzishwa Moshi mwaka 1987, limekuwa likijaribu kuliziba. Linatoa ushauri na msaada wa kisheria, na lina nyumba salama kwa wanawake na watoto waliokimbia kupigwa. Watu huliona shirika la namna hii kama ofisi ya kuwafariji wanaolia. Mimi naona nguvu yake iko kwingine. Mwanamke anapoingia kwenye usuluhishi akiwa ameshaelezwa haki yake, na upande wa pili ukijua kwamba suluhu ikishindikana yupo wa kumwandikia hati ya madai, mazungumzo hubadilika. Hapo anaweza kukubali kuachia sehemu ya shamba kwa sababu ameona inafaa, wala si kwa sababu aliambiwa hana chake. Suluhu ya aina hiyo hudumu, kwa kuwa hakuna aliyedanganywa wakati wa kuifikia.

Wapo watakaosema ukoo una wazee wake, na mgeni akiingia kwenye mambo ya kihamba anavunja nyumba za watu. Hoja hii naiheshimu. Kikao cha ukoo kinajua nani alipanda kahawa ipi, baba alisema nini kabla ya kufa, na nani alimuuguza. Ofisi ya mjini haijui hayo. Kikao hicho pia kinaweza kufanya lisilowezekana mahakamani: ndugu wakala mbuzi mmoja, wakapokezana kata ya pombe ya mbege, na Jumapili wakakaa benchi moja kanisani. Lakini tutazame kikao chenyewe kinavyokwenda. Mara nyingi hukutana Desemba, watoto wa kiume wakiwa wamerudi kutoka Dar es Salaam, Arusha na Nairobi. Mmoja anaandika muhtasari kwenye daftari, wanampendekeza msimamizi wa mirathi, na karatasi hiyo ndiyo itakayopelekwa Mahakama ya Mwanzo. Chini kuna safu ya majina na sahihi. Jina la mjane nalo lipo, na sahihi yake ipo, mara nyingine akiwa hajasomewa kilichoandikwa juu yake. Daftari litafungwa, magari yatateremka mlimani baada ya Mwaka Mpya, naye atabaki na uamuzi ambao hakuuelewa. Msaidizi wa kisheria akiketi pembeni na kusema, "Mama asomewe kwanza," ukoo haujavunjika.

Tena mila tunayoitetea haijawahi kusimama tuli. Sally Falk Moore, mwanaanthropolojia wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu sheria za mila za Kilimanjaro kati ya 1880 na 1980, alionyesha jinsi kilichoitwa mila kilivyokuwa kikifinyangwa upya na kahawa, utawala wa kikoloni, mahakama na uhaba wa ardhi. Mababu zetu waliibadilisha ilipobidi. Na sisi tunayo ruhusa hiyo.

Wengine wanatoka upande wa pili kabisa: usuluhishi ni njia ya kumficha mkosaji, kila kitu kiende mahakamani. Kwenye jambo moja wako sahihi, na natamani kila baraza na kila kanisa lilisikie. Kipigo hakisuluhishwi. Sheria ya Ndoa, kifungu cha 66, hairuhusu mwenzi yeyote kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga, na ubakaji au mtoto kuumizwa ni jinai. Mahali pake ni Dawati la Jinsia na Watoto polisi, wala si kwenye kikao cha kuulizana nani alianza. Lakini mpaka wa shamba, matunzo ya mtoto au zamu ya maji ya mfongo vikienda mahakamani moja kwa moja, mwenye nauli na wakili ndiye atakayevumilia tarehe za kuahirishwa. Mjane wa Uru mwenye mikungu michache ya ndizi za kupeleka sokoni hawezi kushuka mjini kila mwezi kusikia kwamba faili halijapatikana.

Linabaki suala la fedha. Kazi ya msaada wa kisheria kwa miaka mingi imebebwa na wafadhili wa nje, nao wakibadilisha vipaumbele, milango hufungwa wakati migogoro haijafungwa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria na kuwapa kazi ya kuelimisha na kuwashauri wanaogombana watafute suluhu, bila kuwatoza senti. Mwaka 2023 ikaja Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, nayo naiunga mkono, ila kampeni huja na kuondoka, na masale huhamishwa mwaka mzima. Halmashauri zetu zinajua kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Hazishindwi kuongeza fungu dogo la nauli na karatasi kwa wasaidizi wa kisheria wa kila kata, na la kuwafundisha wajumbe wa mabaraza kwa kushirikiana na mashirika ambayo tayari yanaijua kazi.

Nawaomba wakuu wa koo: Desemba hii, kabla daftari halijafunguliwa, mwiteni msaidizi wa kisheria wa kata yenu aketi nanyi. Na madiwani wa Hai, Siha, Rombo, Mwanga, Same, Moshi Vijijini na Manispaa ya Moshi, mtakapopitisha bajeti ijayo, fungu hilo liwemo.