"Although... but" si ujinga wa mwanafunzi

Siku nyingi sijaandika, si mnajua tena TP. Nipo sekondari moja hapa hapa Songea, nafundisha Kiingereza Kidato cha Pili. Juzi usiku nimekaa chumbani Lizaboni nasahihisha zoezi la viunganishi, na karibu nusu ya darasa wameandika: "Although it was raining, but we went to the farm."

Daftari la kumi nikaweka kalamu nyekundu chini. Jamani, watoto wote hao wakosee kitu kilekile kwa bahati mbaya?

Sikilizeni Kiswahili chetu: "Ingawa mvua ilikuwa inanyesha, lakini tulikwenda shamba." Wapo walimu wa Kiswahili wanaoikataa, ila mtaani ndivyo tunavyosema. Mtoto kachukua hiyo, kaivalisha maneno ya Kiingereza. Kumbe "although" inakifanya kishazi chake kuwa tegemezi, na "but" inaunganisha vishazi vyenye hadhi sawa. Ukiviweka vyote viwili, sentensi inakosa kishazi kikuu. Chagua kimoja, basi. Na "because... so" ni ugonjwa huohuo.

Sisi tulikaririshwa aina tatu za viunganishi, za mwisho zile za jozi kama "either... or". Mtu anazitaja zote bila kukwama, halafu anaandika "although... but". Kwa hiyo jana nikaandika ubaoni sentensi mbili, ya Kiswahili na ya Kiingereza, tukazilinganisha. Dakika kumi tu wameelewa.

Baadaye ofisini mwalimu mmoja mkubwa akaniambia, "Mwalimu wangu, ukiwaongelesha Kiswahili unawaharibu." Nikasema sawa mzee, lakini moyoni sikukubali na sikubali mpaka sasa. Hawa wamesoma msingi miaka 7 kwa Kiswahili, na wengine nyumbani ni Kingoni. Ukikikataza Kiswahili darasani hakitoki kichwani, kinajificha tu huko kinatunga sentensi.

Wakati natoka, binti mmoja wa dawati la nyuma kanifuata. "Shikamoo mwalimu. Sasa na 'na' je?" Kaandika "We went with my friend", akimaanisha yeye na rafiki yake tu. Kwetu "tulikwenda na rafiki yangu" ni watu wawili. Kwa Kiingereza wanakuwa watatu au zaidi!

Nimemwambia asubiri Jumatatu. Ngoja nikajiandae.