Sharnieri ya mashini ikianza kulia, usingoje ivunjike

Juma lililopita, hapa Butembo, nilikutana na mwanafunzi mmoja aliyefunga mashini yake kwa mpira mweusi, ule tunaofungia mizigo kwenye pikipiki. Alipoifungua, ekrani ililala nyuma kabisa hadi akaiegemeza ukutani. Nikamuuliza ni tangu lini. Akajibu: «Yaya, ni tangu mwaka jana. Lakini bado inaandika.»

Bado inaandika. Mimi pia nilisema hivyo, na ilinigarimu.

Mashini yangu niliinunua okazio, dola 180. Wengi wetu tunazipata hivyo: zimetumika miaka kwenye ofisi za Ulaya au zimepitia Dubai, kisha wachuuzi wetu wanazileta. Ndani bado ni nzima, ila bawaba, ile wafundi wanaita sharnieri, imekwisha kufunguliwa na kufungwa mara maelfu. Yangu ilianza kulia upande wa kushoto. Niliendelea kuinua ekrani kwa pembe moja, kila siku, na kuitembeza mgongoni kwenye pikipiki, barabara ya Beni na mashimo yake.

Jioni moja nilikuwa nakata sauti za akina mama wauza mboga waliolalamikia kodi za soko. Plastike ikapasuka, ekrani ikawa giza. Kabulo ya ekrani inapita palepale kwenye bawaba, na ilikuwa imekatika. Redio ikasoma maandishi niliyotuma kwa simu, bila sauti hata moja. Wale mama walikuwa wamewaita majirani wote wasikilize. Kesho yake sokoni hakuna aliyenisalimia vizuri.

Kwa hiyo nasema wazi: tatizo hili tunalitendea vibaya, sisi wenye mashini na wafundi wetu pia.

Kwanza, tunachanganya magonjwa mawili. Kuna bawaba iliyolegea, ekrani inaanguka yenyewe. Hiyo ni afadhali. Kwenye mashini nyingi za zamani kuna nati ndogo mwishoni mwa chuma. Fundi anaikaza kidogo, robo ya mzunguko, anajaribu, anaongeza ikihitajika. Ikiwa chuma kimebanwa kiwandani bila nati, basi inatafutwa bawaba nyingine kwenye mashini iliyokufa ya aina ileile.

Ugonjwa wa pili ndio unaoua: bawaba iliyokaza. Grisi imekauka au kutu imeingia, chuma hakitaki kuzunguka. Wewe unavuta ekrani kwa nguvu, na kwa kuwa chuma hakisogei, nguvu yote inaenda kwenye plastike. Visi za bawaba zimeshikwa na vikombe vidogo vya shaba vilivyozama katika plastike hiyo. Vinang'oka. Watu husema «bawaba imevunjika», kumbe bawaba ni nzima na ina nguvu kupita kiasi; kilichovunjika ni nyumba yake.

Hapa ndipo nina ugomvi na atelie zetu. Unapeleka mashini, kijana anamwaga kole ya kukauka haraka, anakurudishia baada ya nusu saa, unalipa. Majuma mawili, imeng'oka tena. Bila shaka! Hakugusa ile nati. Ukibandika plastike bila kulegeza bawaba kwanza, umetengeneza mahali pa kuvunjika mara ya pili. Na kole hiyo nyepesi ikitiririka hadi kwenye chuma kinachozunguka, sasa umeiua kabisa.

Fundi aliyenitengenezea yangu, mzee aliyeanza na redio za zamani, alifanya taratibu. Aliondoa batri kabla ya kitu chochote. Alilegeza nati, akatia tone moja la mafuta, akaifungua na kuifunga bawaba mkononi hadi ikawa laini. Kisha akarudisha vikombe vya shaba mahali pake kwa kole ya mirija miwili, ile inayochanganywa, akiangalia isiingie penye visi. Akaniambia nirudi kesho yake, siyo jioni ile. Pale plastike ilipokuwa imekwisha kabisa, alitoboa na kupitisha visi yenye nati upande wa pili. Siyo nzuri kwa macho. Ila alipima urefu wa visi kwanza, kwa sababu ndefu mno inatoboa ekrani.

Kuna wanaosema ni afadhali kununua nyingine. Kwa fedha gani? Na ile nyingine ya okazio, nani alikuambia bawaba yake ni nzima? Kabla ya kulipa, ifungue mwenyewe polepole, ukishika katikati ya ekrani, siyo pembeni. Tazama kama plastike inaachana pale kwenye kona. Mchuuzi akikataa usiifungue, mwachie mashini yake.

Na wewe ambaye yako inalia leo, acha kuifunga-fungua ovyo mpaka fundi aione. Ikiwa ni lazima ufanye kazi, iache wazi mezani.

Yule mwanafunzi nimemwelekeza kwa mzee. Nilimwomba aende na visi zote zilizodondoka. Anazo, amezichunga ndani ya kiberiti.